Kufikia kwa Mtu Usiyemjua

Mwenye kusafiri na mali huogopa kulala kwa mtu asiyemjua, na hofu hiyo si ya kipumbavu. Natutazame walivyofanya Mogadishu mwaka 1331, alipofika Ibn Battuta, msafiri wa Tangier.

Yeye ameandika kuwa chombo kilipofika bandarini, vijana walikiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Humpa mfanya biashara mmoja, akatangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Basi hufikia kwao. Waliokwisha kuuzoea mji ndio waliokaa walipopenda.

Mwenyeji ndiye aliyemuuzia mgeni bidhaa zake na kumnunulia alizotaka. Aliyempunja mgeni bei, au aliyemuuzia kitu mwenyeji hayupo, biashara yake haikukubaliwa. Sisi ambao karafuu zetu hupimwa na watu wengine twaujua uzito wa sharti hilo!

Kwa rai yetu, usalama haukuwa katika wema wa kijana peke yake, bali katika kutangaza mbele ya watu: kila mtu alijua nani wa kuulizwa. Kwa hiyo anayesafiri leo na aache nyumbani jina la mwenyeji wake na mtaa.

Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa ni mwanachuoni, alifikizwa nyumba ya wanafunzi, akaletewa wali wa samli, kuku, samaki, ndizi mbichi za maziwa, na achari ya ndimu na pilipili.