SOMO LA AFYA: NESI AKIULIZA "UNAUMWA WAPI?", SEMA KWELI

Masomo ya kusoma kwanza nyumbani: Ayubu 2:11-13 na Marko 10:46-52

Mwezi huu tunajifunza juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu analijua mwilini mwake, lakini si wengi tuliofundishwa habari zake. Jambo hilo ni maumivu.

Nianze na habari ya mama mmoja mzee aliyekimbia kutoka Kongo. Alikwenda kwenye kituo cha afya mara tatu. Kila mara alisindikizwa na mjukuu wake wa miaka kumi na mmoja, maana bibi hakujua Kiingereza wala Kilugbara, na mtoto alijifunza kidogo shuleni. Nesi akauliza, "Unaumwa wapi?" Mtoto akajibu, "Mwili mzima." Bibi akapewa panadol, akarudi nyumbani. Mara ya nne alisindikizwa na jirani, mama mwenzake. Ndipo ilipojulikana kwamba alikuwa na kidonda kikubwa katika ziwa. Mtoto aliona haya kutaja mahali pale, na bibi aliona haya kumtuma ataje. Kwa muda wa miezi miwili alikuwa halali usiku, naye alikuwa akisema, "Siyo mbaya, mwanangu."

Siandiki haya ili kumlaumu mtu. Foleni ilikuwa ndefu na nesi alikuwa peke yake. Nayaandika kwa sababu habari kama hii hutokea hapa Koboko, hutokea Rhino Camp, hutokea Imvepi, na dawa yake ya kwanza ni kufahamu.

1. Maumivu yanatoka wapi?

Mungu ameweka ndani ya ngozi, misuli, mifupa na matumbo yetu mishipa midogo ya fahamu. Miisho yake hukaa kama walinzi. Ikiguswa na moto, ikichomwa na mwiba, au mahali pakivimba kwa ugonjwa, hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, na kutoka hapo habari hupanda mpaka kwenye ubongo.

Mishipa hiyo si ya namna moja. Iko ya haraka, inayopeleka habari mita kadhaa mpaka kama 30 kwa sekunde moja. Iko pia ya polepole, isiyofika hata mita 2 kwa sekunde. Ndiyo maana ukijikwaa kwenye jiwe unapotoka kuchota maji, kwanza unasikia uchungu mkali kama kisu, kisha baada ya kitambo kidogo unakuja uchungu mzito unaodunda na kukaa.

Tena ukigusa sufuria ya moto kwenye mafiga, mkono unaruka kabla hujajua kwamba umeungua. Amri ile ilitoka kwenye uti wa mgongo wenyewe, haikungoja ubongo.

2. Maumivu ni mlinzi

Wazee wa huku wanaikumbuka Hospitali ya Kuluva, karibu na mji wa Arua, iliyoanzishwa na madaktari wamisionari na kutunza wagonjwa wa ukoma kwa miaka mingi. Zamani watu walidhani ukoma wenyewe unakula vidole. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi kule Vellore, India, kuanzia mwaka 1946, alionyesha kwamba sivyo. Vijidudu vya ukoma huua mishipa ya fahamu. Mgonjwa hasikii tena uchungu, hivyo hushika moto bila kujua, hutembea na msumari ndani ya kiatu, na kidonda huoza bila yeye kuwa na habari. Hata wenye ugonjwa wa sukari wa muda mrefu hupata shida hiyo kwenye miguu. Basi kukosa maumivu si baraka. Mwili unaolia unaomba msaada.

Lakini mlinzi akishapiga kelele na wenye nyumba wakaamka, hakuna faida aendelee kupiga kelele usiku kucha. Maumivu yanayojulikana chanzo chake yanapaswa kutulizwa.

3. Kwa nini kidonda kimoja huwauma watu wawili tofauti?

Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama mlango. Mlango ukifunguka sana, habari nyingi za uchungu hupita. Ukifungwa kidogo, hupita chache. Mama anapomsugua mtoto aliyeanguka na kumbembeleza, kule kuguswa kunasaidia kufunga mlango. Akina mama walilijua jambo hili kabla ya vitabu.

Kuna mambo mengine yanayoufungua mlango: hofu, kukosa usingizi, upweke, huzuni. Ndugu zangu, sisi tuliokimbia vita tunayo mengi ya namna hiyo. Yuko anayeumwa mgongo, na juu ya mgongo huo amebeba habari ya ndugu aliyeachwa bila kuzikwa, na wasiwasi wa mgao wa chakula. Cicely Saunders, aliyekuwa nesi kabla ya kuwa daktari, na aliyefungua hospitali ya kuwatunza wagonjwa mahututi mjini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu yana pande nne: ya mwili, ya moyo, ya jamaa na mahitaji ya nyumbani, na ya roho. Kwa hiyo mtu asiambiwe, "Unajifanya tu." Uchungu unaoongezwa na huzuni ni uchungu wa kweli.

4. Nesi anapimaje maumivu?

Homa hupimwa kwa kipimajoto. Damu hupimwa kwa mashine. Maumivu hayana mashine. Nesi wa Marekani aitwaye Margo McCaffery alifundisha tangu 1968 kwamba anayejua maumivu ni yule anayeumwa, na kazi ya nesi ni kumwamini na kumwuliza vizuri. Haya ndiyo maswali atakayokuuliza. Yatayarishe kabla hujatoka nyumbani:

- Unaumwa wapi hasa, na uchungu unahamia wapi? Onyesha kwa kidole.
- Ulianza lini? Unakuja na kwenda, au umekaa tu?
- Ukoje: kama moto, kama kisu, kama kubanwa, au kama kudunda?
- Ni nini kinachouzidisha, na nini kinachoupunguza?
- Unakuzuia kufanya nini: kulala, kula, kulima, kutembea?
- Umeshatumia dawa gani, hata za miti shamba?

Baadaye atakuuliza ukubwa wake. Mahali pengine hutumia hesabu kutoka 0 mpaka 10. Kwa asiyezoea hesabu, wahudumu wengi wa Afrika hutumia mkono. Ngumi iliyofungwa ni "siumwi kabisa." Kidole kimoja ni uchungu kidogo. Vidole vitano ni uchungu usioweza kuzidi. Njia hii haihitaji Kiingereza, Kilingala wala Kiarabu cha Juba. Wafundishe watoto wako leo jioni. Ukishapewa dawa, nesi atakuuliza tena. Kama ulikuwa vidole vinne na sasa viwili, dawa inafanya kazi. Kama bado vinne, sema, ili abadilishe.

Mtoto mchanga hawezi kuhesabu. Kwake nesi hutazama mambo matano: uso, miguu, namna anavyojinyonganyonga, kilio, na kama anabembelezeka. Kila jambo hupewa alama 0, 1 au 2. Mama, wewe ndiwe unayemjua mtoto wako. Usiogope kusema, "Huyu leo halii kama kawaida yake." Tena mtoto anayenyamaza na kulala tu si lazima awe hana maumivu. Pengine amechoka kulia.

5. Dawa inayoogopwa bure

Kwa maumivu madogo panadol hutosha. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, maana ikizidi huharibu ini. Lakini kuna maumivu, kama ya kansa, ambayo panadol haiyawezi. Kwa hayo kuna mofini ya maji, ya kunywa.

Hapa Uganda tuna jambo la kumshukuru Mungu. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, na mofini ya kunywa ikaanza kuwafikia wagonjwa kwa bei nafuu. Mwaka 2004 sheria ilibadilishwa, na manesi waliofunzwa kazi hii maalum wakaruhusiwa kuandika mofini bila kungoja daktari. Ilikuwa na maana kubwa kwa watu wa vijijini, ambako daktari ni mmoja kwa watu wengi sana.

Watu husema, "Mofini ni dawa ya kufa." Sivyo. Ikitolewa kwa kipimo kwa mwenye maumivu, haimwui, na ni nadra mgonjwa huyo kuwa mtumwa wake. Hufunga choo, kwa hiyo nesi hutoa pia dawa ya kulainisha. Usimpe mtu mwingine dawa hiyo, na ifungie mbali na watoto.

Yule mama mzee alipelekwa Arua, akapata nesi aliyefunzwa, akapewa chupa yake. Wiki iliyofuata alionyesha kidole kimoja. Kansa haikupona, ilikuwa imekwenda mbali. Aliishi miezi minne. Katika miezi hiyo alilala usiku, alikula, na Jumapili mbili alikuja kanisani akakaa mkekani akipiga makofi. Mimi nilimwona.

6. Je, kusema "naumwa" ni kukosa imani?

Wako wanaofundisha hivyo. Ayubu alisema uchungu wake wazi mbele za Mungu. Rafiki zake walifanya vema siku saba za kwanza, walipokaa naye chini bila neno, kwa kuwa waliona uchungu wake ni mkuu. Walikosea walipoanza kumhukumu. Naye Bwana Yesu, aliyejua yote, alimwuliza yule kipofu wa Yeriko anataka afanyiwe nini. Kama Bwana aliuliza kwanza, nesi naye na aulize, nasi tujibu.

7. Usingoje hata siku moja ukiona haya

Kichwa kuuma sana pamoja na homa na shingo kukakamaa, maana West Nile iko katika ukanda wa homa ya uti wa mgongo. Mama mjamzito kuumwa kichwa na kuona ukungu. Tumbo gumu kama ubao. Kifua kubanwa na kukosa pumzi. Kuumwa na nyoka. Mwite VHT wa kijiji chenu, mtafute bodaboda, mwende kituo cha afya mara moja.

Na kwa kutafsiri: usimtume mtoto kutafsiri habari za mwili wa mtu mzima. Kanisani mwetu wako akina mama na akina baba wanaojua lugha mbili au tatu. Waombeni wawasindikize.

Maswali ya kujadili katika familia

1. Nani nyumbani kwetu hupenda kusema "siyo mbaya"? Tumwulize leo kwa vidole vitano.
2. Tukienda kituo cha afya, nani anafaa kututafsiria?
3. Tunaweza kukaa na mgonjwa gani wiki hii, hata bila maneno?

Mungu awabariki, awape usingizi wenye amani. Amina.