Kabla Hujachomelea Shafti ya Boti

Shafti ya rafadha ikivunjika jioni, wamiliki wengi wa boti wa Gungu huipeleka usiku huohuo kwa fundi wa kuchomelea, ili kesho yake boti iondoke Kibirizi na abiria wake. Somo hili linaeleza kwa nini haraka hiyo ni hatari, na mteja adai nini kabla ya kulipa.

Vyuma havifanani. Chuma cha geti huwa na kaboni kidogo, chini ya asilimia 0.3, nacho huchomelewa bila taabu. Shafti nyingi ni za chuma chenye kaboni ya wastani, kati ya asilimia 0.3 na 0.6, ili zistahimili msokoto. Chuma hicho kikiwa kinene na kikachomelewa kikiwa baridi, unene wenyewe hunyonya joto kwa kasi. Sehemu iliyo kandokando ya mshono hupoa ghafla, ikawa ngumu lakini yenye kukatika upesi. Vijiti vya kuchomelea vilivyoingia unyevu huzidisha balaa: hutoa haidrojeni inayopenya ndani ya chuma, na ufa huweza kujitokeza saa nyingi, hata siku mbili, baada ya kazi kukamilika. Kwa hiyo mshono unaong'aa mbele ya mteja si ushahidi wa lolote.

Fundi anayeijua kazi yake huuliza kwanza aina ya chuma. Shafti nene yenye kaboni karibu asilimia 0.45 huipasha moto hadi nyuzi 150 hadi 250 za Selsiasi, na kulidumisha joto hilo mpaka mwisho. Hutumia vijiti vyenye haidrojeni kidogo, kama vile vya alama 7018, vilivyokaushwa katika oveni. Vile vya 6013 vibaki kwenye mageti na madirisha. Kisha huifukia shafti katika majivu makavu ipoe polepole. Ukiona ndoo ya maji ikimwagwa juu ya mshono, sitisha kazi hapo hapo.

Wapo watakaotaja uimara wa MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na kuunganishwa hapa Kigoma. Bamba zake zilishikizwa kwa ribiti, hazikuchomelewa.

Kwa maoni yetu, shafti iliyokatika vipande viwili ibadilishwe. Kina cha Ziwa Tanganyika hufikia takriban mita 1,470. Ukiondoka ufukoni kidogo tu, nanga haigusi chini, na boti isiyo na rafadha huenda upepo unakoipeleka.

Ikiwa huna budi kuchomelea, dai risiti inayotaja aina ya vijiti na dhamana ya kazi, kisha subiri saa 48. Paka mshono mafuta ya taa, yaache yapenye, ufute ukauke kabisa, halafu upake unga wa chaki. Mstari wa mafuta ukijichora kwenye chaki, hapo pana ufa: shafti irudi kwa fundi pamoja na risiti yake, wala isifungwe botini.