Jina ndilo linalouza kanga

Katika maduka ya jumla ya Kariakoo, Dar es Salaam, doti mbili za kanga zinaweza kuwa na pamba ileile, kipimo kilekile na bei moja, lakini moja ikaisha mapema na nyingine ikabaki rafuni mpaka ikapauka kwenye mikunjo. Mara nyingi kinachozitenganisha ni jina, yaani yale maneno machache yanayochapwa upande wa chini wa mji. Kwa mfanyabiashara mdogo aliyefunga mtaji wake wote kwenye robota moja, hiyo ndiyo faida au hasara yake ya msimu.

Historia ya vazi hili ni ya mteja kumfundisha muuzaji. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso zilizoletwa kwa jora, wakaziunga sita sita kupata nguo moja pana. Wafanyabiashara walipoona hivyo, wakaagiza ng'ambo nguo nzima iliyokwisha kuchapwa. Majina yalifuata baadaye, na sifa ya kuyaanzisha hupewa Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa ambaye alama yake ya "Mali ya Abdulla" inajulikana hadi leo. Kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kirumi.

Hapa pana jambo ambalo wenye maduka wengi hawalitilii maanani. Jina la kanga halimsifu muuzaji, wala halisemi kuwa kitambaa ni bora. "Japo sipati tamaa sikati" ni maneno ya mnunuzi mwenyewe. Anayavaa ili jirani, mume au wifi ayasome, naye asilazimike kufungua kinywa. Amelipia nguo, na papo hapo amelipia usemi ambao pengine angeona haya kuutamka.

Linganisha na vibao vya madukani: "Karibuni wote, bei nafuu." Hapo muuzaji anajizungumzia mwenyewe, na duka la pili lina kibao hichohicho. Muuza mchele anayetaka kufanya vizuri zaidi hana haja ya kutafuta maneno matamu; asikilize kwanza wateja wanalalamikia nini. Kama ni mawe, aandike: "Umechambuliwa, osha upike." Hakuna urembo wowote hapo, ila mnunuzi anaweza kuyarudia nyumbani akiulizwa kwa nini ameongeza pesa. Bila shaka mchele uwe umechambuliwa kweli. Mbali na kukimbiwa na wateja, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nchini Tanzania inakataza kumpotosha mlaji.

Aidha, si kila ubunifu unaolipa unalipa kwa muda mrefu. Jina linalofuata tukio huuzika haraka na kufa haraka. Mwaka 2008, Barack Obama aliposhinda uchaguzi wa urais wa Marekani, zilitoka kanga zenye picha yake na maneno ya hongera. Aliyekuwa nazo dukani wakati gumzo limepamba moto alikuwa na soko tayari. Ambaye mzigo wake ungechelewa bandarini angebaki na nguo ya habari iliyokwisha kusomwa. Kanga za kumsifu mama haziendi kwa kasi hiyo, lakini watu huoa na kujifungua kila mwaka, na zawadi ni lazima.

Kwa mwenye mtaji mdogo, sehemu kubwa ya fedha ni afadhali ikae kwenye majina ya kudumu, na kiasi kidogo tu kiende kwenye ya msimu. Kabla ya kuagiza robota, anaweza kununua doti chache za majina mawili tofauti, akazitundika mlangoni na kuhesabu kwa wiki mbili: wangapi walisimama kusoma, wangapi walitoa pesa. Mteja akisoma kwa sauti, akacheka na kumwita mwenzake aje aone, jina hilo liandikwe kwenye daftari la oda siku hiyohiyo.