Korona na Dalili Zake Puani, Kooni na Masikioni

Maharagwe yanaungua jikoni, na jirani anasikia harufu kabla ya mpishi aliyesimama kando ya sufuria. Pua ya mpishi haijaziba, wala hana mafua makali, lakini hasikii harufu yoyote. Hali hii imewapata watu wengi tangu kisa cha kwanza cha korona kitangazwe nchini Kenya tarehe 13 Machi 2020. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya kimataifa tarehe 5 Mei 2023, lakini virusi bado vipo. Ni vyema kila mkazi azijue dalili zake.

Pua
Sehemu ya juu ndani ya pua ina neva zinazotambua harufu, pamoja na seli zinazozitegemeza neva hizo. Virusi vya korona hushambulia zaidi seli hizi za kutegemeza. Zikiharibika, neva hushindwa kufanya kazi hata kama pua iko wazi. Chakula nacho hupoteza ladha, kwa sababu sehemu kubwa ya ladha hutokana na harufu.

Wengi hupona baada ya wiki chache, wengine baada ya miezi. Katika kipindi hicho, hatari kubwa iko nyumbani. Gesi ya kupikia hutiwa harufu kali makusudi ili ikivuja itambulike, lakini asiyesikia harufu hawezi kuonywa nayo. Mtu huyo afunge mtungi kila amalizapo kupika, asiache chakula mekoni bila kukiangalia, na amwombe mwingine anuse maziwa au nyama kabla ya kutumia.

Yapo pia mazoezi ya kunusa. Chagua vitu vinne vyenye harufu tofauti, kwa mfano karafuu, limau, majani ya mkaratusi na waridi. Nusa kila kimoja taratibu kwa takriban sekunde 20, asubuhi na jioni, kwa wiki 12 au zaidi, huku ukikumbuka harufu yake ya zamani.

Koo
Tangu aina ya Omikroni ienee, koo kuuma na makamasi huonekana zaidi kuliko kupoteza harufu. Dalili hizi hufanana na za mafua ya kawaida, hivyo kipimo pekee ndicho kinachotofautisha. Antibiotiki haziui virusi. Zisinunuliwe dukani kwa kubahatisha. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo husaidia mtu mzima kusukutua koo. Watoto wasifukizwe kwa mvuke wa maji yanayochemka, kwani wengi huungua.

Masikio
Baadhi ya wagonjwa husikia mlio masikioni, huhisi sikio limeziba au hupata kizunguzungu. Dalili hizi zina visababishi vingi, na mhudumu wa afya ndiye atakayebaini. Sikio likipoteza usikivu ghafla, usisubiri wala usitie mafuta: nenda hospitalini siku hiyo hiyo, kwa kuwa matibabu hufaa zaidi yakianza mapema.

Lini uharakishe hospitalini
• Kupumua kwa shida au maumivu ya kifua
• Kushindwa kumeza hata mate
• Kuchanganyikiwa au kushindwa kuamka vizuri
• Mtoto kutoa sauti ya kukoroma anapovuta pumzi
• Kupoteza usikivu ghafla

Kuwakinga wengine
Mwenye dalili avae barakoa akiwa karibu na wengine, akohoe kwenye kiwiko, anawe mikono kwa sabuni na afungue madirisha. Awe mwangalifu zaidi mbele ya wazee, wajawazito na wenye kisukari, shinikizo la damu au pumu. Asiyesikia harufu awaeleze wa nyumbani mapema, ili wao wawe pua yake hadi atakapopona.