SOMO LA LEO: Mgunduzi wa lambalamba na jina lililomponyoka

Leo tunaongelea lambalamba. Ndiyo, hii hii ya ukwaju na ubuyu unayogandisha kwenye friji hapo Pongwe, asubuhi unaiweka stetasi, mchana wanafunzi wanagonga mlango na bodaboda anasubiri oda ya mjini. Ile ya kijiti ina historia yake, na mwenye kuianzisha alifanya kosa ambalo hata sisi tunaweza kulifanya.

Mwaka 1905, California huko Marekani, mtoto wa miaka 11 aitwaye Frank Epperson alikoroga unga wa soda na maji, akakisahau kinywaji nje na kijiti ndani yake. Usiku baridi ikapiga. Asubuhi akakuta kimeganda, akakivuta kwa kijiti, akalamba. Hivyo ndivyo mwenyewe alivyosimulia.

Biashara hakuanza siku hiyo. Ilipita miaka 18, mpaka 1923, ndipo akaanza kuuza kwenye eneo la starehe liitwalo Neptune Beach. Watu wakaipenda. Mwaka 1924 akapata hataza, ile hati ya serikali inayomzuia mwingine kuiga uvumbuzi wako.

Jina je? Yeye aliiita Epsicle, kutokana na jina lake. Watoto wake wakaiita Popsicle, kwa sababu "Pop" kwao ni baba. Yaani barafu ya baba. Jina la watoto ndilo lililoshika.

Haukupita muda, hela ikambana. Akauza haki zake zote kwa kampuni ya Joe Lowe ya New York. Miaka ya 1930 maisha yalipokuwa magumu Marekani, kampuni hiyo ikauza lambalamba ya vijiti viwili kwa senti 5, watoto wawili wanaivunja katikati, kila mmoja na chake. Jina Popsicle linauza mpaka leo. Epperson baadaye alikiri kwamba tangu auze hakuwahi kukaa sawa tena.

Tunajifunza nini?

1. Sikiliza mteja anaiitaje bidhaa yako. Kama watu inboksi wanaandika "nataka zile za Mama Fulani", jina umeshapewa. Litumie kwenye kila posti na kila kifungashio.

2. Lilinde. Kusajili jina la biashara BRELA ni jambo moja, kusajili alama ya biashara ni jambo jingine. Alama ndiyo inayokulinda mwingine asiuze bidhaa kama yako kwa jina lako. Ukisajili Tanzania Bara inadumu miaka 7, halafu unaihuisha kwa miaka 10 kila mara. Angalizo: neno linaloeleza bidhaa tu, kama "Barafu ya Ubuyu", usitegemee kulimiliki peke yako. Ni la wote.

3. Ukibanwa, uza mzigo, usiuze jina. Tuseme umeme umekatika siku mbili, mtaji umeyeyuka pamoja na barafu, ada ya mtoto inadaiwa. Anatokea mtu na laki kadhaa, anataka jina na mapishi moja kwa moja. Usisaini siku hiyo. Mwambie mwandikiane mkataba wa muda: atumie jina mwaka mmoja, akulipe kwa kila lambalamba atakayouza. Mwaka ukiisha, jina linarudi kwako.

4. Mteja akiishiwa, mfikirie na yeye. Vile vijiti viwili havikuwa ufundi mkubwa, ila vilimwezesha mwenye senti 5 kununua bila kumnyima mdogo wake. Wewe una saizi ya mtoto mwenye hela ndogo?

Friji likifa utanunua jingine. Jina likishauzwa, kulirudisha ni kazi.

Haya, niandikieni hapo chini: wateja wako wanaiitaje bidhaa yako? Na umeshaisajili?