Mnyapara Akimkosa Fundi
Somo kwa wanaojifunza kuunda programu za kompyuta



Wengi wetu tunaojifunza kompyuta tumekwisha kukutana na jambo hili. Mtu ameandika programu yake vizuri, kila alama iko mahali pake, naye atoa amri ya kuiunda. Mara kioo chamjibu kwa maneno machache makavu kwamba kompaila haikuonekana. Hapo wengine hukata tamaa, wengine hufuta kazi yao na kuanza upya, na wengine hukimbilia intaneti kushusha kompaila nyingine. Nia ya makala hii ni kuonyesha kwamba maneno yale si fumbo. Mwenye kuuliza maswali matano kwa utaratibu ataipata kompaila yake bila ya kufuta wala kushusha cho chote asichokihitaji.

Wakubwa zetu mliokwisha kumaliza masomo hapa, ambao wengine wenu mnatumia mashine hizi kila siku, mtuvumilie tukianzia mwanzo kabisa, maana gazeti hili husomwa na Kidato cha Kwanza pia.

KAZI YA KILA MMOJA

Kompyuta haielewi maneno tunayoandika katika lugha ya C. Yenyewe hujua maagizo ya tarakimu tu. Kwa hiyo lazima awepo mfasiri, na mfasiri huyo ndiye kompaila. Mama mmoja wa Marekani, Grace Hopper, alitengeneza mwaka 1952 programu iliyoitwa A-0, ambayo huhesabiwa kuwa miongoni mwa kompaila za kwanza. Mwaka 1957 kundi la John Backus katika kampuni ya IBM likatoa kompaila ya lugha ya Fortran. Ile tunayoitumia sana siku hizi, gcc, ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1987 na Richard Stallman, na hata leo mtu huipata bure.

Lakini programu kubwa haina faili moja; yaweza kuwa na mafaili mia. Nani atakumbuka ni faili gani limebadilishwa na lipi lingali vile vile? Jambo hili lilimsumbua bwana mmoja katika maabara ya Bell huko Marekani. Alipoteza asubuhi nzima akitafuta kosa katika programu ambayo alikuwa amekwisha kuisahihisha. Kumbe faili lililosahihishwa halikufasiriwa upya. Mwenzake, Stuart Feldman, aliposikia malalamiko yake akaandika mwaka 1976 chombo kiitwacho make. Kazi ya make ni kusoma faili la maagizo liitwalo Makefile, kuona lipi limebadilika, na kutoa amri zile tu zinazohitajika.

Tuangalie sana hapa. Make hajui kufasiri hata neno moja la C. Yeye ni mnyapara. Anashika orodha ya kazi mkononi na kuita mafundi: wewe fasiri hili, wewe unganisha yale. Kompaila ndiye fundi. Basi mnyapara akisema, “Fundi haonekani,” halaumu kazi yako uliyoiandika. Hata hajaifikia bado.

KUTOKUONEKANA SI KUTOKUWAPO

Hili ndilo jambo kubwa katika somo letu. Mnyapara hapekui kompyuta nzima. Angefanya hivyo, kila kazi ingechukua muda mrefu mno. Amepewa orodha ya nyumba za kubishia hodi, nayo orodha hiyo huitwa PATH. Katika Linux yaweza kuwa hivi:

/usr/local/bin:/usr/bin:/bin

Hizi ni folda tatu, zimetengwa kwa nukta pacha. Katika Windows hutengwa kwa nukta-mkato. Likiitwa jina “gcc”, kompyuta hubisha hodi nyumba ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Ikimpata fundi, hutulia hapo hapo. Zikiisha nyumba zote bila ya kumpata, husema haonekani. Yaweza kuwa fundi amelala katika nyumba ya nne, mzima kabisa, ila nyumba hiyo haimo katika orodha.

Sasa na tuyafuate maswali yetu.

SWALI LA 1: Ni nani anayesema, na anasema nini?

Soma ujumbe tangu mstari wa kwanza. Usiruke kwenda wa mwisho. Ukiona “gcc: command not found”, au make anamaliza kwa “Error 127”, basi amri iliyoitwa haikuonekana. Hiyo 127 ni namba ambayo dirisha la amri hurudisha likikosa programu iliyoitwa. Lakini ukiona jina la faili lako pamoja na namba ya mstari, kama “hesabu.c:14: error”, hiyo ni habari nyingine kabisa. Hapo fundi amekwisha kuonekana, ameisoma kazi yako, na yeye ndiye analalamika. Mwenye kuchanganya mambo haya mawili atatibu mguu wakati kinachouma ni jino.

SWALI LA 2: Je, fundi yupo kweli?

Mwite wewe mwenyewe, bila ya kumpitia mnyapara. Andika:

gcc --version

Akijibu kwa kutaja toleo lake, yupo, na dirisha lako linajua nyumba yake. Nenda Swali la 4. Asipojibu, mtafute kwa macho. Katika Linux tazama kama liko faili /usr/bin/gcc. Katika Windows, kama kompaila iliwekwa kwa njia ya MSYS2, tazama katika C:\msys64\ucrt64\bin au folda nyingine za bin zilizo chini ya C:\msys64.

Kumbuka pia kwamba mafundi ni wengi, na kila mmoja ana lugha yake. gcc ni wa lugha ya C, na g++ ni wa lugha ya C++. Katika Ubuntu hawa wawili huwekwa mbali mbali, kwa hiyo mtu aweza kuwa na mmoja na kumkosa mwingine. Ukihakikisha kwamba hayupo kabisa, hapo tu ndipo uwekaji mpya unapofaa. Katika Ubuntu amri moja yatosha:

sudo apt install build-essential

Hiyo huleta gcc, g++ na make pamoja.

SWALI LA 3: Je, nyumba yake imo katika orodha?

Kama umemwona fundi kwa macho lakini akiitwa haitiki, kosa liko katika PATH. Katika Linux andika “echo $PATH”. Katika dirisha la kawaida la amri la Windows andika “echo %PATH%”. Kisha soma folda moja moja. Kama folda ya fundi haimo, iongeze. Katika Linux, tuseme fundi amewekwa katika /opt/gcc/bin, utaandika:

export PATH="$PATH:/opt/gcc/bin"

Angalia lile neno $PATH lililotangulia ndani ya alama za kunukuu. Maana yake ni, “Iache orodha ya zamani, uongeze nyumba hii mwishoni.” Mwenye kuliacha neno hilo hufuta orodha nzima, na mara hata amri ndogo kama “ls” haionekani. Hilo likitokea usiogope: funga dirisha, ufungue jingine, na orodha ya zamani itarudi, kwani amri ile huishi katika dirisha lile tu. Ukitaka idumu, iandike katika faili liitwalo .bashrc.

Katika Windows kuna mitego miwili. Wa kwanza, watu huandika katika orodha jina la fundi mwenyewe, likiishia na gcc.exe. Orodha ni ya nyumba, si ya watu. Andika folda, uishie kwenye bin. Mtego wa pili ni kusahihisha PATH kisha kujaribu tena katika dirisha lile lile la zamani. Dirisha lililokwisha kufunguliwa lilipewa nakala ya orodha wakati lilipofunguliwa, wala halipati habari mpya. Lifunge, ufungue jingine. Na kama unatumia programu ya kuandikia ambayo huita kompaila yenyewe, ifunge hiyo pia.

Wa Linux nao wana mtego wao. Mtu hufanya kazi vizuri akiandika “make”, lakini akiandika “sudo make” fundi hupotea. Sababu ni kwamba mara nyingi sudo hutumia orodha yake nyingine, iliyowekwa kwa ajili ya usalama. Basi unda programu yako bila ya sudo, uitumie sudo wakati wa kuiweka mahali pa watu wote tu.

SWALI LA 4: Mnyapara anamwita kwa jina gani?

Mara nyingine fundi yupo, nyumba yake imo katika orodha, na bado mnyapara hamwoni. Tazama jina analoliita. Make ana neno lake CC, ambalo hushika jina la kompaila ya C. Usipomwambia lo lote, yeye huita “cc”. Katika kompyuta nyingi za Linux jina hilo humfikia gcc, lakini ziko kompyuta zenye gcc zisizo na kitu kiitwacho cc. Ni kama kusimama kijijini ukimwita mtu kwa jina la shuleni, wakati nyumbani kwao wanamjua kwa jina la babu yake. Andika:

make CC=gcc

Akiitika, umeijua sababu. Fungua na Makefile yenyewe. Huenda aliyeiandika alitaja kompaila ya kompyuta yake, kwa mfano clang au gcc-12, ambayo wewe huna. Jina lililoandikwa ndani ya Makefile hulishinda lile ulilowekea mazingira ya dirisha, lakini lile uliloandika pamoja na amri ya make hulishinda la Makefile.

SWALI LA 5: Je, anakumbuka jibu la zamani?

Swali hili ni la wale wanaotumia CMake, ambaye ni mnyapara mkubwa zaidi. Kazi yake ni kuwaandikia wanyapara wengine maagizo. Yeye akimkosa fundi husema “No CMAKE_C_COMPILER could be found”, au CXX mahali pa C kama anamtafuta fundi wa C++. Soma herufi hizo vizuri, maana zinakutajia ni fundi yupi aliyekosekana.

CMake akikwisha kupata jibu huliandika katika faili liitwalo CMakeCache.txt, ndani ya folda ya kuundia. Siku nyingine hasumbuki kutafuta tena, husoma alichoandika. Hilo huharakisha kazi, lakini kama kompaila imehamishwa, yeye huendelea kubisha hodi kwenye nyumba iliyokwisha kubomolewa. Mtu aweza kusahihisha PATH kutwa nzima pasipo kuona faida. Dawa yake ni kufuta folda ya kuundia na kuanza upya. Tangu toleo la 3.24 yatosha kuandika “cmake --fresh” mbele ya maneno yako ya kawaida. Lakini tahadhari: futa folda ya kuundia tu, usiguse ile yenye maandishi ya programu yako.

KWA NINI TUJISUMBUE HIVI?

Mtu aweza kusema, “Mimi nitashusha kompaila upya, kazi imekwisha.” Kwa mwenye intaneti isiyo na mpaka huenda ikawa sawa. Lakini sisi wengi twagawana kifurushi kimoja chumba kizima. Mwenzetu mmoja alishusha kompaila mara tatu katika juma moja, na kila mara kioo kilimjibu vile vile. Kifurushi kikaisha, na waliokuwa wakitayarisha kazi zao za mtihani wakakaa siku nne bila ya intaneti. Kompaila ilikuwamo tangu mara ya kwanza, aliandika gcc.exe mwishoni mwa njia katika PATH. Kosa la herufi saba liligharimu watu ishirini na wawili.

Tena kuna hasara nyingine isiyohesabika kwa megabaiti. Nimeona wadogo zetu wakiacha kabisa kujifunza kuandika programu kwa sababu ya ujumbe huu. Huona kioo kimewakataa siku ya kwanza, wakadhani akili zao hazifai kwa kazi hii. Hapana, ndugu yangu. Ujumbe ule hauzungumzi habari za akili yako. Unazungumza habari za orodha ya nyumba. Haraka haraka haina baraka. Ukiona hivyo, chukua karatasi, andika maswali matano, uyajibu moja moja.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Juma ameandika “gcc --version” na amejibiwa. Lakini akiunda programu ya C++ anaambiwa kwamba g++ haionekani. Aongeze nini?

2. Asha ameona “hesabu.c:14: error: expected ‘;’”. Je, kompaila yake imeonekana au haikuonekana? Toa sababu.

3. Petro aliunda programu kwa CMake kwa kutumia kompaila iliyokuwa katika kidude cha USB. Sasa ameiweka kompaila nyingine katika kompyuta yenyewe, na “gcc --version” yajibu vema, lakini CMake angali akiitafuta ile ya zamani. Afute nini, na asiguse nini?

Majibu mtayapata katika Maswali ya 2, 1 na 5 hapo juu. Na ninyi wakubwa zetu mlio makazini, mkiwa na swali la sita ambalo sisi hatujalijua, tafadhali mwandikieni mhariri, nasi tutalitia katika somo lijalo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita