SOMO LA MWEZI: IMANI HUKAA NYUMBANI

Katika mikutano yetu ya jumuiya kuna lalamiko moja halikosi: "Vijana wakishuka Voi au wakifika Mombasa, wanasahau walikotoka." Sawa, lakini tujiulize, kabla hawajapanda matatu walikuwa wameona nini nyumbani? Leo tujifunze kwa jirani zetu wa Uganda.

Wayahudi wa Mbale

Ukivuka mpaka wa Malaba, ukapita Tororo, unafika Mbale karibu na Mlima Elgon. Huko wanaishi Abayudaya, maana yake Wayahudi kwa Kiganda. Hawakuhamia kutoka Israeli. Ni Waafrika kama sisi. Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyewahi kuwasaidia Waingereza kuitawala mashariki ya Uganda, aliisoma Biblia kwa lugha yake akaamua kuishika Sheria ya Musa. Mwaka 1919 alitahiriwa yeye na wanawe, na wafuasi wake wakamfuata. Alifariki 1928.

Jamani, kiongozi akifa kundi nalo mara nyingi hutawanyika. Hawa je, walibakije?

Matendo madogo yaliyowashika

1. Sabato. Ijumaa, kabla jua halijatua, chakula kimeshapikwa na kazi imewekwa chini. Mishumaa inawashwa, mkate unabarikiwa, na familia inapumzika mpaka Jumamosi usiku. Hata mtoto asiyejua kusoma anajua kwamba siku hii si kama nyingine.

2. Chakula. Nguruwe haliwi, na mnyama huchinjwa kwa kufuata sheria yao. Kwa hiyo kila sahani ni somo.

3. Mtoto wa kiume hutahiriwa siku ya nane. Tangu uchanga anahesabiwa kuwa wa agano.

4. Nyimbo. Zaburi wanaziimba kwa lugha zao na kwa sauti za Kiafrika. Hawakungoja kuwa Wazungu ndipo wawe Wayahudi.

Wakati wa majaribu

Idi Amin alitwaa serikali mwaka 1971. Baadaye alipiga marufuku dini yao, na masinagogi yakafungwa. Wengi waliingia Ukristo au Uislamu, wakabaki mia chache tu. Hao waliobaki walisali kwa siri majumbani. Angalieni hapo: jengo unaweza kulifunga kwa kufuli, lakini mama anayenong'ona sala jikoni utamfungaje? Amin alipoangushwa 1979, wakajitokeza. Vijana wao ndio waliofufua jumuiya katika miaka ya themanini. Mwaka 2002 marabi kutoka ng'ambo waliwapokea rasmi mamia yao. Gershom Sizomu, mmoja wa vijana wale, alisomea urabi Marekani akawekwa wakfu mwaka 2008.

Je, kushika dini yako ni kumchukia jirani?

Hapana. Mwaka 2004 Wayahudi, Wakristo na Waislamu wa huko waliunda ushirika wa kahawa, wakauita Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Shule za Abayudaya nazo zimepokea watoto wa dini nyingine. Mtu anayejijua haogopi kukaa na mwenzake.

Tunajifunza nini?

Hatuambiwi tuwe Wayahudi. Tunafundishwa kwamba mtoto hashiki hotuba, hushika anachokiona kila siku kwa saa ile ile. Sisi wazazi tumewaachia padre na katekista kazi yote, na Kidawida tumewaachia nyanya. Nyanya akiondoka, basi, mlango umefungwa. Na baba asidhani hii ni kazi ya kina mama peke yao. Mtoto anamwangalia yeye pia.

Maswali ya kujadili

1. Kama kanisa lingefungwa mwaka mzima, ni sala gani ingebaki nyumbani kwako?
2. Watoto wako wanajua kusalimu wazee na kusali kwa Kidawida? Nani anawafundisha?
3. Siku ya Bwana nyumbani kwako inatofautianaje na Jumanne?

Kazi ya mwezi

Kila familia ichague tendo moja tu: sala kabla ya kula, wimbo wa jioni kwa Kidawida, au mlo mmoja wa pamoja redio na simu zikiwa zimezimwa. Mlifanye bila kuruka mpaka mkutano ujao, halafu mje mtueleze lilivyokwenda. Haba na haba hujaza kibaba.